Uboho Mwekundu, Uboho wa Manjano

Bibi mzaa mama hakuwahi kununua mfupa bila kuuona ndani. Aliponituma buchani Ngamiani, Tanga, nikiwa na miaka 9 au 10, maagizo yalikuwa yale yale: mwambie akupe paja, asikupe ubavu, na aukate katikati kwa msumeno huku unaangalia. Ukiona uboho mwekundu, mrudishie, huyo ni ndama. Ukiona wa manjano kama samli iliyoganda, lete. Uboho mwekundu, kwa maelezo yake, unajaza povu sufuriani na unanuka damu. Wa manjano unayeyuka, unaacha macho ya mafuta juu ya supu, na chapati ikichovywa humo haidai kitu kingine.

Sikuwahi kuuliza kwa nini ndama na ng'ombe mzee watofautiane ndani ya mfupa. Mtoto aliyetumwa haulizi, anawahi kurudi akacheze.

Jibu nililikuta miaka mingi baadaye, nimevaa koti jeupe katika maabara moja huko Uholanzi nilikokwenda kusomea shahada ya uzamili. Na nililikuta kwa kufanya kosa la aibu.

Kazi yangu ilikuwa kulisha seli. Ukiondoa majina makubwa, ndivyo ilivyokuwa: seli zinakaa kwenye visahani vya plastiki, ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, na mara mbili au tatu kwa wiki unanyonya mchuzi wa zamani na kumimina mpya. (Mchuzi ni jina langu mimi. Wenzangu walikuwa na jina lao la kitaalamu, lakini kila nilipouona ule uwaridi wake, na nikijua kwamba ndani yake mna seramu ya ndama, mawazo yalikwenda jikoni.) Seli zenyewe zilitoka kwenye uboho wa wazee waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishwa nyonga. Walitia saini, na kile ambacho kingetupwa kililetwa kwetu kikiwa ndani ya chupa, juu ya barafu.

Michuzi ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa na vitamini C, chumvi yenye fosfeti, na dawa ya steroidi iitwayo deksamethasoni, kidogo. Seli zikiula kwa wiki 3 hivi zinaanza kujizungushia chokaa, na ukimwaga rangi ya alizarini kisahani kinakuwa chekundu kama kiganja cha bibi harusi. Wa pili ulikuwa na insulini, deksamethasoni iliyo mara 10 ya ile ya kwanza, indomethasini, hiyo hiyo ambayo watu wanaimeza kwa maumivu ya viungo, na kemikali nyingine yenye jina refu inayozuia ujumbe wa homoni usizimike haraka ndani ya seli. Seli zilizokula mchuzi huo zinavimba na kujaa matone ya mafuta, yanang'aa chini ya darubini kama shanga za kioo.

Seli ni zile zile. Mtu ni yule yule, uboho ni ule ule, kisahani ni cha jirani.

Kosa langu lilianzia kwenye kiburi. Nilikuwa naandika lebo zangu kwa Kiswahili, nikijiona mzalendo. Chupa ya mchuzi wa mfupa nikaandika M. Chupa ya mchuzi wa mafuta nikaandika M. Nilizitofautisha kwa rangi ya kifuniko, na mambo yakaenda vizuri mpaka Ijumaa moja nilipokuwa mbio mbio niwahi treni. Nikafungua chupa zote mbili kwa pamoja, na vifuniko vikabadilishana. Jumatano ya wiki iliyofuata naweka kisahani cha mfupa kwenye darubini, nakuta shanga. Siku chache tena, shanga tele.

Msimamizi wangu, mama mmoja mwenye maneno machache, aliinama kwenye darubini kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa karipio. Akasema nisivitupe. Kisha akauliza: seli hizi zilikula chakula cha mfupa kwa siku 8 kabla hujakosea, sasa kwa nini zimekubali kugeuka?

Sikuwa na la kujibu. Swali hilo ndilo lililonifanya nisome usiku.

Nianze na jina, maana jina la seli hizi limeshaleta ugomvi wa kutosha. Katika miaka ya 1960 na 1970, Alexander Friedenstein na wenzake wa Moscow walichukua uboho wakaumwaga kwenye visahani. Seli nyingi zilielea zikaoshwa, lakini chache sana ziling'ang'ania chini, na kila moja ikazaa ukoo wake. Zilipopandikizwa ndani ya wanyama zilijenga mfupa mdogo mzima, wenye uboho wake humo ndani. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, alizipa jina la seli shina za mesenkaima. Seli shina ni seli mama inayoweza kuzaa seli za aina nyingine, na mesenkaima ni ile tishu ya kiinitete inayozaa mifupa, gegedu na mafuta. Jina likashika kweli kweli. Mwaka 2017 Caplan huyo huyo aliandika akiomba libadilishwe, kwa sababu kliniki zisizo na usimamizi zilikuwa zinawauzia wagonjwa sindano za "seli shina" kana kwamba zikishaingia mwilini zitaota kiungo kipya.

Kwetu biashara hiyo imekuja kwa sura ya unga. Pakiti unaiweka chini ya ulimi, na muuzaji anakuapia kwamba inatibu kuanzia kisukari mpaka utasa. Nawaheshimu wanaotafuta riziki, lakini seli ni kiumbe hai. Zangu nilikuwa nazitunza kwenye kabati la bei ya nyumba, zenye joto lake na hewa yake, na bado nikizisahau zinakufa. Sasa iishi vipi ndani ya pakiti, kwenye mkoba wa mtu, katika jua la Dar es Salaam?

Jambo moja la kuweka sawa kabla sijaendelea. Vitabuni utasoma kwamba mfupa na mafuta ya uboho ni watoto wa mama mmoja. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Stanford lilitenga seli shina ya mifupa ya binadamu inayozaa mfupa na gegedu, na haizai mafuta kabisa. Kwa hiyo uboho ni kama nyumba ya kupanga: koo kadhaa zinaishi humo, nyingine zimeshaegemea upande wao, nyingine bado zinasikiliza. Visahani vyangu vilikuwa na mchanganyiko huo.

Zinasikiliza nini? Hapa nitaazima mambo ya posa. Kwetu kijana haendi mwenyewe kwa wazazi wa binti, anatuma mshenga. Mshenga anabisha hodi, anakaribishwa barazani, maneno yake yanapokelewa na kupelekwa ndani na wenye nyumba, na uamuzi unatolewa chumba ambacho yeye haingii. Ishara za seli zinakwenda hivyo hivyo. Wnt, BMP, insulini, hao wote ni washenga: protini zinazotoka kwa seli nyingine, zinabisha kwenye kipokezi kilichopo kwenye ukuta wa seli, na hazivuki kizingiti. Maneno yanapokezanwa ndani kwa ndani mpaka kwenye kiini, iliko DNA. Na humo ndani wamekaa wazee wawili ambao hawapatani.

Mzee wa kwanza anaitwa RUNX2. Ni protini inayoshika DNA na kuwasha jeni za kujenga mfupa. Mwaka 1997 Toshihisa Komori na wenzake wa Osaka walieleza juu ya panya walionyimwa jeni hiyo, na makundi mengine yalichapisha matokeo ya aina hiyo wakati ule ule. Panya wale walizaliwa wakiwa na kiunzi cha gegedu, kila kitu mahali pake, lakini mfupa hasa hakuna. Walikufa mara tu baada ya kuzaliwa, kwa sababu mbavu laini hazikuweza kukifungua kifua ili wapumue. Binadamu mwenye nakala moja nzima na moja mbovu anaishi, ila mitulinga yake huwa mifupi au haipo, kiasi kwamba anaweza kukutanisha mabega yake kifuani kama anayekunja kitabu. Meno ya ziada nayo huota.

Mzee wa pili ni PPAR-gama. Mwaka 1994 Peter Tontonoz na Bruce Spiegelman, huko Boston, waliiingiza kwenye seli za kawaida za tishu unganishi, ambazo hazikuwa na habari yoyote na mafuta. Zikajaa mafuta. Miaka 10 baadaye watafiti wa Tokyo walipima panya waliobakiwa na nakala moja tu ya jeni hiyo badala ya mbili, wakakuta mifupa yao imeongezeka. Ukimdhoofisha mzee mmoja, wa pili anapata sauti.

Mwaka 2005 timu ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, ilionyesha jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kuna protini moja, TAZ, ambayo kwa mkono mmoja inamsaidia RUNX2 na kwa mkono mwingine inamziba mdomo PPAR-gama. Mimi nilikuwa nadhani kuna swichi ya mfupa na swichi ya mafuta, kila moja na waya wake. Kumbe mtu anayeinua upande huu wa mizani ndiye anayekandamiza upande ule, kwa tendo lile lile.

Basi visahani vyangu vikaanza kueleweka. Kwa siku 8 RUNX2 alikuwa anazungumza, lakini mwenzake hakuwa amefukuzwa kikaoni, alinyamazishwa tu. Ijumaa ile nikaleta insulini, deksamethasoni nyingi, na indomethasini, ambayo kumbe pamoja na kazi yake ya kutuliza maumivu inamgusa PPAR-gama moja kwa moja. Kikao kikageuka. Kingekuwa kimechelewa iwapo ningekosea wiki ya 4 au ya 5, wakati seli zimeshajizungushia chokaa na kujifungia humo. Seli iliyojijengea kaburi la mfupa hairudi kuwa mafuta.

Kati ya washenga wote ninampenda Wnt, kwanza kwa jina lake lisilotamkika. Limeunganishwa kutoka kwa jeni mbili: moja ya inzi wa matunda ambaye ikiharibika anakosa mabawa, nyingine, Int-1, waliyoigundua Roel Nusse na Harold Varmus mwaka 1982 walipokuwa wanachunguza saratani ya matiti ya panya. Mwaka 1987 ikabainika kwamba ni jeni moja katika miili miwili. Inzi na panya walitengana zamani za kutisha, na jeni ikabaki.

Kazi ya Wnt ni hii. Ndani ya seli kuna protini inaitwa beta-katenini, na kila inapotengenezwa kuna kundi linaloikamata na kuipeleka ikavunjwevunjwe. Kazi ya bure kabisa, utasema, kutengeneza kitu na kukivunja mchana kutwa. Lakini Wnt akibisha hodi kwenye kipokezi chake, kundi lile linaacha kazi. Beta-katenini inarundikana, inaingia kwenye kiini, na pale inampa nguvu mzee wa mfupa na kumdhoofisha mzee wa mafuta. Mwaka 2000 watafiti wa Michigan waliweka Wnt kwenye seli zilizokuwa tayari kuwa mafuta, zikagoma kabisa. Walipoizuia ishara hiyo zikawa mafuta zenyewe, bila kubembelezwa. Hata seli zilizokuwa zinaelekea kuwa misuli zikageuka. Mafuta, kumbe, ndiyo njia ambayo seli inaifuata isiposikia neno.

Hilo lilinikaa sana kichwani.

Binadamu wa kuthibitisha habari ya Wnt wapo. Kipokezi chake kina sehemu inaitwa LRP5. Mwaka 2001 ilijulikana kwamba watoto waliozaliwa bila LRP5 inayofanya kazi wana mifupa dhaifu inayovunjika ovyo na macho yasiyoona. Mwaka 2002 watafiti wa Yale na wa Creighton, Nebraska, wakaeleza familia zenye kinyume chake: badiliko la herufi moja kwenye jeni hiyo hiyo, na mifupa ikawa mizito kupita kawaida. Watu wenye mifupa ya namna hiyo baadhi yao wanasema kuelea majini kunawashinda. Mtoto wa Tanga ukiniambia mtu haelei kwa sababu ya jeni, nacheka kwanza, kisha nakumbuka binamu yangu tuliyekuwa tunamtukana pale Raskazone kwamba ni mvivu wa kujifunza kuogelea. (Yeye tatizo lake lilikuwa uvivu kweli, nina uhakika.)

Wikiendi moja nilikwenda Urk. Ni mji wa wavuvi uliokuwa kisiwa mpaka mwaka 1939, Waholanzi walipoufungia bahari kwa tuta na kuunganisha na nchi kavu. Nilikwenda kwa sababu ya samaki, lakini pia kwa sababu ya ugonjwa. Kwenye kisiwa ambacho watu walioana wao kwa wao kwa vizazi, kulikuwa na familia ambazo mifupa ya kichwa na taya ilinenepa bila kukoma, ikabana mishipa ya fahamu mpaka watu wakawa viziwi au uso ukapooza upande. Ugonjwa wa jamaa yake, mkali zaidi, umepatikana kwa Makaburu wa Afrika Kusini: wagonjwa huwa warefu sana, na baadhi huzaliwa vidole viwili vya mkono vimeshikana. Mwaka 2001 na 2002 ikajulikana kwamba chanzo cha yote mawili kinahusu jeni ya SOST, inayotengeneza protini iitwayo sklerostini.

Sklerostini ni yule jirani anayekaa getini na kumwambia mshenga kwamba wenyewe hawapo. Inajishikiza kwenye LRP5 na kumzuia Wnt asisikike. Wasiokuwa nayo, mlango wao uko wazi usiku na mchana, na mfupa unajengwa bila breki. Kutoka kwenye mateso ya familia hizo ilipatikana dawa: kingamwili inayomwondoa jirani pale getini kwa muda. Inaitwa romosozumabu, iliidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2019, inachomwa mara moja kwa mwezi kwa mwaka mmoja, na Marekani inauzwa na onyo kali kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi. Nilipokaa kwenye gati la Urk nikila samaki wa kukaanga kwenye karatasi, nilikuwa natazama watu wanaopita na kuona haya kwa kuwatazama.

Swali lililofuata ni nani anayemtuma jirani huyo. Sklerostini inatengenezwa na zile seli zilizojifungia ndani ya mfupa, zile nilizosema zimejijengea kaburi. Kumbe hazijafa, zinahisi uzito. Mfupa ukibebeshwa mzigo, sklerostini inapungua, na Wnt anasikika. Mfupa ukipumzishwa, inapanda.

Hata kisahani kinaonyesha jambo linalofanana. Mwaka 2004 kundi la mtafiti Christopher Chen lilitengeneza visiwa vidogo vya kunata, kila kisiwa kikatoshea seli moja. Kwenye visiwa vya mikromita 32 kwa 32, seli ilibanwa ikawa duara, na ikawa mafuta. Kwenye visiwa vya mikromita 100 kwa 100, seli hiyo hiyo ilijinyoosha ikajivuta pande zote, na ikawa mfupa. Nafasi ya kujinyoosha tu ndiyo iliyotofautiana. Nilirudia jaribio la namna hiyo mara tatu kwa sababu sikuliamini.

Hapa bibi anarudi.

Bibi alikuwa na pumu. Kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu, kila kifua kilipobana alikwenda dukani akanunua prednisoloni, vidonge 10, vidonge 20, bila cheti. Dawa iliyomwokoa siku nyingi, siibezi. Lakini ni ndugu wa deksamethasoni, na ukizidisha kwa miaka, inafanya kwenye uboho kitu kinachofanana na kile nilichokuwa nakifanya kwenye kisahani: seli zinaelekezwa kwenye mafuta, zile za kujenga mfupa zinapungua na zilizopo zinachoka. Kwenye maabara deksamethasoni imo kwenye michuzi yote miwili, ya mfupa kidogo na ya mafuta nyingi, na nilipogundua hilo nikaelewa kwamba tofauti ya kipimo inaweza kuwa tofauti ya njia.

Ndiyo maana nakasirika nikiona vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa vificho kwa wasichana wanaotaka mashavu na makalio. Mara nyingi kilichomo ni deksamethasoni au prednisoloni. Mashavu yanakuja kweli. Kinachokwenda hakionekani kwenye kioo, kinaonekana kwenye eksirei miaka baadaye. Na kuna mfano mwingine wa mzee wa mafuta kuamshwa kwa dawa: pioglitazoni na rosiglitazoni za kisukari zinafanya kazi kwa kumgusa PPAR-gama, na kufikia mwaka 2007 ilishafahamika kwamba wanawake wanaozitumia wanavunjika zaidi, hasa mikono na miguu.

Nisikupotoshe lakini. Mafuta ya uboho si kitambi kilichohamia ndani. Mtu aliyekonda kwa kukataa chakula kwa muda mrefu, tumbo limekauka, uboho wake hujaa mafuta zaidi. Wanawake waliojitolea kulala kitandani siku 60 kwa ajili ya utafiti, mafuta yaliongezeka kwenye uboho wa uti wa mgongo. Na mfupa unapopungua si kwa sababu ya ushindani huu peke yake, maana kuna seli nyingine kabisa, za ukoo wa damu, ambazo kazi yao ni kuula mfupa, na estrojeni ikipungua baada ya hedhi kukoma zinakula kwa pupa. Kila mtoto anazaliwa na uboho karibu wote mwekundu. Wa manjano unaanza kwenye vidole vya mikono na miguu, unapanda taratibu, na mtu akifika miaka 25 wekundu umebaki zaidi kwenye uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kifua na fuvu. Ndama na ng'ombe mzee.

Bibi alianguka uani, sementi ikiwa na maji ya kufulia. Alikuwa ameshaacha kwenda shambani na kubeba ndoo, kwa sababu sisi wajukuu tulimkataza tukiamini tunampenda. Shingo ya mfupa wa paja ikavunjika. Nilipofika kutoka safari walikuwa wameshamfanyia upasuaji na kumwekea chuma. Kichwa cha mfupa kilichotolewa kilitupwa, bila shaka, na mimi niliyekaa pembeni ya kitanda nilikuwa nafikiria chupa iliyo juu ya barafu.

Wiki ya pili nyumbani aliniita. Mimi bibi ananiita mke mwenza, kwa utani wa babu.

"Mke mwenzangu, umekaa Ulaya kusoma mifupa, na hapa hujaniletea hata supu."

Nikaenda buchani. Mchinjaji ni mtoto wa yule wa zamani. Nikamwambia paja, likatwe katikati. Msumeno ukapita, akaugeuza upande wangu: manjano, kama samli iliyoganda, na kuta za mfupa zimezunguka kama bangili. Niliupiga picha kwa simu, akanishangaa, akauliza kama naupeleka kwa daktari.

Jioni nikamwekea bibi bakuli mapajani, na mfupa kwenye sahani pembeni. Nilipokuwa namwonyesha wapi pa kunyonya, kana kwamba alihitaji kuonyeshwa, nikaanza kumweleza. Nikamwambia kwamba mafuta haya yote, bibi, zipo seli za humu ndani ambazo zingeweza kuwa mfupa. Zilisikia maneno mengine. Ng'ombe akizeeka, akikaa, ndani kunajaa hivi.

Aliunyonya mfupa mpaka ukapiga mluzi. Akauangalia ndani, tundu tupu, akaugonga kwenye ukingo wa bakuli kuhakikisha hakijabaki kitu.

"Kwa hiyo hili langu lilikuwa limenona."

Nikasema ndiyo, bibi, lilikuwa limenona.

"Na wao wakalitupa," akasema, akaomba ndimu.